Chama cha makandarasi kitakusaidia wapi, na wapi hakitakusaidia

Mkandarasi wa majengo wa daraja la tano, kutoka mkoa wa Shinyanga, ameuliza hivi: "Nimejenga madarasa na zahanati kwa halmashauri mbili, na hati yangu moja ya malipo imefikisha miezi kumi na moja bila kulipwa. Wenzangu wananisihi nijiunge na chama cha makandarasi, nami nasitasita, kwa kuwa kila mwaka tayari nalipa ada ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Chama kitanifanyia nini ambacho Bodi haifanyi? Kitanipatia zabuni? Kitanisaidia kulipwa?"

Ndugu mkandarasi,

Nianze na majibu mafupi, kisha nieleze sababu zake. Chama hakitakupatia zabuni, na kikijaribu kufanya hivyo kitakuwa kinavunja sheria na kukuingiza wewe matatani. Deni lako hakitalilipa, wala hakina mamlaka ya kumwamuru mkurugenzi wa halmashauri aidhinishe malipo yako. Hata hivyo nakushauri ujiunge, kwa sababu masharti yaliyokufanya usubiri miezi kumi na moja hayakuandikwa kwa ajili yako peke yako, na hayatabadilishwa na mtu mmoja.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa Bodi na chama, maana nauona hata kwa makandarasi wa muda mrefu. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ni chombo cha serikali kilichoundwa kwa Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997. Inakusajili, inakupanga katika daraja (la kwanza ni la wakubwa, la saba ni la wadogo kabisa), inakagua maeneo yako ya kazi, na ukikosea inaweza kukufutia usajili. Ni kweli kwamba Bodi huitisha mkutano wa mashauriano wa mwaka ambako makandarasi hueleza shida zao mbele ya viongozi wa Wizara ya Ujenzi, na ni kweli pia kwamba ina mfuko wa kusaidia makandarasi wadogo kupata dhamana. Lakini Bodi haiwezi kuwa wakili wako dhidi ya serikali, kwa kuwa yenyewe ni mkono wa serikali na kazi yake ya kwanza ni kulinda mteja na jamii dhidi ya mkandarasi mbovu. Chama, kwa upande wake, ni chenu. Kinaishi kwa ada zenu, viongozi wake mnawachagua ninyi, na kikizembea mnaweza kuwaondoa. Tanzania ina vyama kadhaa vya namna hiyo: vya makandarasi kwa ujumla, vya wazalendo, vya kazi za barabara na madaraja, na vya makandarasi wanawake. Juu yao ipo Taasisi ya Sekta Binafsi Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo hupeleka hoja za wafanyabiashara hadi Baraza la Taifa la Biashara, chombo ambacho mwenyekiti wake ni Rais.

Sasa tazama hali yako. Halmashauri unayoidai ndiyo hiyo hiyo itakayotangaza zabuni ya kituo cha afya mwaka ujao, na maofisa wake ndio watakaotathmini maombi yako. Mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, umepunguza nafasi ya mtu mmoja kukuonea, jambo ninalolishukuru kwa dhati. Haujaondoa woga. Nimekutana na makandarasi wengi ambao mkataba wao uliwapa haki ya kudai riba ya ucheleweshaji, na hawakuidai hata mara moja, kwa kuwa waliona barua ya kudai riba ni barua ya kuaga. Mmoja wao, fundi hodari wa majengo, aliuza gari lake la kubebea mchanga ili alipe vibarua, huku droo yake ina hati tatu za malipo zilizosainiwa na mhandisi msimamizi kuthibitisha kazi iliyofanyika. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika, alinijibu kwamba yeye bado anataka kufanya kazi katika wilaya ile.

Hapo ndipo chama kinapoanza kuwa na maana. Chama kinapoandika kwamba wanachama wake katika mikoa fulani wana hati ambazo hazijalipwa kwa zaidi ya siku mia tatu, halmashauri haijui barua hiyo imeanzia kwa nani. Malalamiko yako yanafika bila uso wako.

Unaweza kusema kwamba mahakama zipo. Zipo, na wakati mwingine ndizo njia ya mwisho, lakini fahamu njia hiyo ilivyo. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inataka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 sharti hilo linazihusu pia serikali za mitaa, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Ukishinda, sheria hairuhusu ukamate magari wala majengo ya serikali ili ujilipe. Kwa maneno mengine, hata mwenye hukumu mkononi anasubiri fedha zitengwe. Deni la serikali, ukilifuatilia hadi mwisho wake, linaishia kwenye kitabu cha bajeti, na mahali pa kuishawishi bajeti ni Dodoma, katika wizara na kamati za Bunge, ambako mkandarasi mmoja wa daraja la tano hana kiti.

Chama kinachojua kazi yake kinashughulikia kwanza sheria na kanuni. Mfano ulio karibu nasi ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake za mwaka 2024. Kwa miaka mingi makandarasi wa ndani walilalamika kwamba kiwango cha miradi waliyotengewa wao peke yao, shilingi bilioni 10, kilikuwa kidogo mno kuwawezesha kukua, na kwamba kazi kubwa zote ziliishia kwa kampuni za kigeni. Kilio hicho kilirudiwa mkutano hadi mkutano, waziri hadi waziri, na kanuni mpya zikapandisha kiwango hadi shilingi bilioni 50. Huo ni ushindi wa kweli, na hakuna kampuni moja ambayo ingeweza kuupata kwa barua zake yenyewe.

Lakini niseme wazi jambo ambalo viongozi wa vyama hawapendi kulisikia. Ushindi wa bilioni 50 ni wa madaraja ya juu. Wewe uliye daraja la tano hukuwa unazuiwa na kiwango cha bilioni 10. Ulikuwa unazuiwa na dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kwamba ukishinda hutajitoa, ambayo benki haikupi bila hati ya nyumba, na malipo ya awali ambayo hayatolewi mpaka ulete dhamana nyingine. Chama kinachoendeshwa na wakubwa hupigania mambo ya wakubwa, si kwa ubaya, bali kwa sababu hao ndio wanaohudhuria vikao. Wadogo wasipojiunga na kusema, ajenda itaandikwa bila wao, na hii ndiyo sababu ninayoiona nzito kuliko zote kwa mtu wa daraja lako.

Baada ya sheria kuna mikataba ya mfano, na hapa ndipo vyama vyetu vinapolala zaidi. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma hutoa nyaraka sanifu za zabuni, na ndani yake mna vifungu vinavyoamua maisha yako: siku ngapi baada ya hati kusainiwa unapaswa kulipwa, riba ni kiasi gani, nani anabeba ongezeko la bei ya saruji na nondo, na lini unaruhusiwa kusimamisha kazi. Masharti ya kimataifa ya FIDIC (shirikisho la wahandisi washauri) ya mwaka 1999, yanayotumika kwenye miradi mingi mikubwa, yanampa mshitiri, yaani mwenye mradi, siku 56 tangu mhandisi apokee madai, kisha riba inaanza kuhesabiwa, na mkandarasi anaweza kusimamisha kazi au kupunguza kasi baada ya notisi ya siku 21. Mikataba midogo ya ndani ina muda na viwango vyake, kwa hiyo fungua masharti maalumu ya mkataba wako usome mwenyewe. Maneno machache yakibadilishwa katika nyaraka sanifu, mabadiliko hayo yanaingia katika kila zabuni itakayotangazwa nchini. Rasimu ya nyaraka hizo inapotolewa kwa maoni, chama chenye mhandisi, mkadiriaji majenzi na mwanasheria wanaokaa pamoja kwa siku mbili kinaweza kufanya kazi ambayo mikutano kumi ya hadhara haitaifanya.

Nikupe mfano wa Marekani, kwa kuwa huko vyama hivi ni vya siku nyingi na kumbukumbu zake zinasomeka. Mwaka 1982 nchi hiyo ilipitisha sheria ya malipo kwa wakati, inayozitaka taasisi za serikali kuu kulipa riba zenyewe zikichelewa, bila muuzaji kuidai. Marekebisho ya mwaka 1988 yaligusa ujenzi: malipo ya hatua yafanyike ndani ya siku 14 tangu ankara sahihi ipokelewe, na mkandarasi mkuu naye awalipe wakandarasi wadogo walio chini yake ndani ya siku 7. Uzito wake uko katika yale maneno "bila kuidai". Yanamwondolea mkandarasi mzigo ule ule uliomfanya yule fundi wa majengo auze gari.

Kisa cha pili cha huko kinafundisha zaidi. Mei 2006 ilisainiwa sheria iliyoagiza kwamba serikali kuu, majimbo na serikali kubwa za mitaa zizuie asilimia 3 ya malipo yao kwa wanaowauzia bidhaa na huduma, iwe akiba ya kodi. Sisi tunaijua vizuri kodi ya zuio, lakini kwa wajenzi wa Marekani ambao faida yao katika kazi nyingi haizidi sana asilimia hiyo, ilikuwa ni kuchukuliwa mtaji wa kuendeshea kazi. Vyama vya wajenzi, wahandisi na wafanyabiashara viliunda muungano. Havikuishia kulia kwamba wanachama wao wanaumia, kwa kuwa kila mtu hulalamika kuhusu kodi. Viliwaunganisha pia maofisa wa serikali za mitaa, ambao wangelazimika kugharimia mifumo mipya ya kuzuia fedha hizo, na vikatumia makadirio ya Idara ya Ulinzi yenyewe kwamba kutekeleza sheria hiyo kungeigharimu zaidi ya dola bilioni 17 katika miaka mitano ya mwanzo. Utekelezaji ukaahirishwa zaidi ya mara moja, na Novemba 2011 kifungu kikafutwa kabla hakijaanza kufanya kazi. Miaka mitano na nusu ya kazi, na hoja iliyoshinda ilitoka katika vitabu vya serikali.

Sisi tuna silaha ya namna hiyo hiyo, nayo haitumiki ipasavyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha mara kwa mara kwamba taasisi zetu zinalipa riba kwa sababu ya kuchelewesha malipo ya makandarasi. Fedha hizo hazijengi darasa wala daraja. Chama kinachoingia mbele ya Kamati ya Bunge ya Bajeti kikisema "makandarasi wanateseka" kitapewa pole. Kikiingia na ukurasa wa ripoti ya Mkaguzi, kikaonyesha kwamba ucheleweshaji ule ule unaowaua makandarasi unakula kodi ya wananchi, kinakuwa kimewapa wabunge sababu yao wenyewe ya kuchukua hatua.

Kenya nayo inafaa kutazamwa, kwa mema yake na kwa onyo lake. Madeni ya wanakandarasi wa barabara huko yalirundikana mpaka kazi zikasimama katika maeneo mengi, na mwaka 2023 serikali iliunda kamati ya kuhakiki madeni ya miaka mingi, ikiongozwa na Mkaguzi Mkuu mstaafu Edward Ouko. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 za Kenya kwa lita ya mafuta, na mwaka uliofuata zile shilingi 7 zikawekwa rehani ili kupata fedha za mkupuo, shilingi bilioni 175, za kuwalipa wanakandarasi. Wengi walipumua. Lakini aliyelipa ni mwenye bodaboda na msafiri wa matatu, na mapato ya kesho ya kutunza barabara yametumika kulipa madeni ya jana. Naamini chama chenye heshima kinapaswa kudai malipo na pia kudai kwamba serikali isitangaze zabuni ambayo haina fedha, hata kama zabuni chache zaidi zitamaanisha kazi chache zaidi kwa wanachama. Muswada wa kulazimisha malipo kwa wakati uliwahi kuwasilishwa katika Seneti ya nchi hiyo. Hiyo ndiyo njia ningependa vyama vyetu vyote vya Afrika Mashariki viifuate.

Suala la wakati nalo lina uzito wake. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Vyama vingi huamka Mei, wakati vitabu vya mafungu vimeshapigwa chapa. Kazi ya kweli hufanyika miezi mingi kabla, wakati wizara zinapokusanya mapendekezo na halmashauri zinapoandaa makisio. Deni lako lisipoorodheshwa na halmashauri wakati huo, na lisipopita katika uhakiki wa Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, hakuna hotuba ya Juni itakayolifufua.

Haya yote yanategemea kitu kimoja ambacho ni wewe tu unayeweza kukileta: kumbukumbu zako. Nimekaa katika vikao ambako kiongozi wa chama alisema wanachama wanadai "mabilioni", katibu mkuu wa wizara akauliza ni mabilioni mangapi, kwa taasisi zipi, hati zipi zimehakikiwa na zipi zina mgogoro, na chumba kikawa kimya. Kikao kile kilikuwa kimetafutwa kwa miezi minne. Kwa hiyo andaa jedwali la kila mkataba wako: namba ya zabuni, tarehe ya kuwasilisha madai, tarehe mhandisi msimamizi aliposaini hati, siku zilizotajwa na mkataba, tarehe ya malipo kama yapo, kiasi kilichobaki, na riba iliyofikia hadi leo. Tenganisha kabisa deni lisilo na ubishi na deni ambalo halmashauri inalipinga, kwa kuwa mchanganyiko wa hayo mawili huwapa maofisa sababu ya kuahirisha yote. Jedwali la mtu mmoja ni malalamiko, lakini la makandarasi mia mbili ni ushahidi ambao hata Wizara ya Fedha huenda haina.

Sasa mipaka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei, kususia kwa pamoja, na kula njama katika zabuni, na sheria hiyo haijali kama mapatano yalifanyika hotelini au katika mkutano mkuu wa chama. Mkikutana kujadili sheria, kodi, nyaraka sanifu na malipo, mko salama. Mazungumzo yakigeuka kuwa nani aombe kazi ipi, au mtu asishuke chini ya bei gani kwa mita ya mraba, simama utoke, na uhakikishe kutoka kwako kumeandikwa katika muhtasari. Hali kadhalika, ukiona umeonewa katika zabuni fulani, lalamiko ni lako: linaanza kwa afisa masuuli (mkuu anayewajibika kwa fedha) wa taasisi nunuzi, kisha Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na muda wake ni wa siku chache za kazi, kwa hiyo usisubiri kikao cha chama. Nacho chama kinachokuomba mchango wa "kumwona mtu" wizarani si chama cha kujiunga nacho. Hiyo ni rushwa, na jina lako litakuwa kwenye orodha ya waliochanga.

Kabla hujalipa kiingilio, omba kuona mambo matatu: hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, andiko lolote ambalo chama kiliwasilisha serikalini au bungeni katika miaka miwili iliyopita, na orodha ya wajumbe wa kamati ya utendaji pamoja na madaraja yao. Kama hakuna hata mjumbe mmoja wa daraja la nne hadi la saba, uliza kwa nini, na jibu lisipokuridhisha tafuta chama kingine au gombea nafasi hiyo wewe mwenyewe.

Kuhusu hati yako ya miezi kumi na moja, usiiache ikingojee chama. Wiki hii mwandikie mkurugenzi barua ya heshima, ukitaja namba ya mkataba, tarehe ya hati na kifungu cha riba, ukiomba uthibitisho wa maandishi kwamba deni limeingizwa katika orodha ya madeni ya halmashauri. Huo si ugomvi; ni kuomba hesabu. Nakala uiweke na mhuri wa kupokelewa uonekane wazi, kwa kuwa huo mhuri ndio mstari wa kwanza wa jedwali utakalokipelekea chama.